Bibi Chokaa na Kuku Wasiowahi Kuugua

Ukitaka kuingia kwa Bibi Chokaa, viatu unaviacha nje. Si mlangoni, nje kabisa, kwenye ubao ulioegemezwa ukutani, soli zikitazama juu, ili, kama anavyosema mwenyewe, zione haya. Halafu unavaa ndara zake za plastiki, ambazo hazijawahi kumtosha mtu yeyote vizuri, unasimama ndani ya karai la maji ya dawa, unahesabu mpaka ishirini, unatoka, unakanyaga chokaa iliyomwagwa kizingitini kwa upana wa hatua mbili, asije mjanja akairuka. Hapo ndipo anapokufungulia. Asipokuamini machoni, anakurudisha kwenye karai.

Jina hilo alipewa na mama wa saluni, jirani yake wa upande wa pili wa uchochoro, siku aliyorudishwa karaini mara tatu. Alilitoa kwa hasira, likashika kwa mapenzi. Siku hizi hata bili za umeme zikija, mleta barua anauliza, "Kwa Bibi Chokaa ni hapa?" na mwenyewe anajibu, "Ni hapa, usisogee, ziweke hapo hapo."

Kazi yake ni kutotolesha vifaranga. Alianza miaka kumi na tisa iliyopita, mwaka aliofiwa na mume. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ni fundi wa majokofu. Basi siku moja shemeji akaja na jokofu bovu kwenye mkokoteni, akalisimamisha uani, akasema, "Shemeji, hili limekufa kwa baridi. Tujaribu kulifufua kwa joto." Akaling'oa mashine ya nyuma, akafunga balbu nne, feni ndogo na kipimajoto, akapanga trei za waya ndani. Kitu kilichotengenezwa ili kigandishe, kikafundishwa kulea. Uwanja ni wa shemeji, jokofu ni la shemeji, kuku ni wa shemeji. Ila ukiuliza nani anayeamuru pale, hata shemeji mwenyewe atakuonyesha kwa kidole.

Kila yai Bibi Chokaa analichora kwa penseli, duara upande mmoja, msalaba upande wa pili, na mara tatu kwa siku analigeuza kwa mkono. Asubuhi duara, mchana msalaba, jioni duara, na kesho yake anaanzia msalaba. Siku ya saba anafunga pazia, anawasha tochi, anaweka yai juu ya mwanga. Lenye uhai linaonekana ndani limetandaa vijishipa vyekundu kama mizizi ya mche, na katikati nukta inayodunda. Ameziona nukta hizo maelfu kwa maelfu, na bado kila akiiona huwa anasema taratibu, "Karibu."

Mwaka wa mambo haya alikuwa na fahari mpya. Zamani kuku wazazi, yaani wale wanaotaga mayai ya kutotolesha, waliokotwa huku na huku, mmoja kwa huyu, wawili kwa yule, na kila mmoja alikuja na mafua yake. Safari hii alisema hapana. Alijengewa banda jipya la sakafu ya saruji, akaleta vifaranga wa siku moja, akawalea mwenyewe juu ya maranda yaliyoanikwa juani siku tatu. Wakakua mitetea sitini na wawili na majogoo sita. Hakuna aliyepiga chafya. Hakuna aliyeharisha. Wateja wakimwuliza, "Habari za kuku?" anajibu neno moja, "Safi," na analisema kama mtu anayekukabidhi sahani.

"Hao kuku wako," alimtania shemeji, "siku wakiona udongo watadhani ni mzimu."

"Na wasiuone, shemeji. Kuna ubaya gani?"

Shemeji aliacha utani, kwa sababu alijua chokaa ile ilianzia wapi. Kabla ya watoto wawili alionao Bibi Chokaa, ambao sasa ni watu wazima, kulikuwa na wa kwanza. Wakati huo walipanga chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji wengi, bomba moja, choo kimoja. Mtoto akaharisha siku nne. Alikuwa na miezi minane na ameanza kujishikilia ukingo wa kitanda. Tangu hapo Bibi Chokaa hakuacha kusugua. Watu wanacheka karai lake, naye hucheka nao, lakini halitoi.

Sasa, pale kwenye kona ya uchochoro palikuwa na fundi viatu, mjane mwenzake, mtu wa maneno machache na gundi nyingi. Alikuwa na jogoo mmoja aliyelala chini ya benchi lake, kwenye vipande vya ngozi, miaka minne mfululizo. Jogoo huyo alimwita Kisigino, kwa sababu hapo ndipo alipowadonoa wateja. Siku moja fundi akaja akasimama mbali na chokaa, kwa heshima.

"Jirani, wamenipa tarehe ya kupasuliwa jicho. Nitakaa kwa mwanangu wiki mbili. Sijui Kisigino nimwache na nani."

"Kwa mama wa saluni."

"Mama wa saluni amesema atamwosha kichwa kisha amkaange."

Bibi Chokaa akacheka, na aliyecheka ameshakubali. Lakini sheria ni sheria. Alimwosha Kisigino miguu kwa sabuni na mswaki, akamweka ndani ya tenga barazani, peke yake, siku kumi na nne, asionane na kuku yeyote. Siku ya tatu jogoo akaacha kuwika. Siku ya nane akawa anaacha chakula. Alikaa tu, kichwa kimeegemea fito za tenga, akitazama upande wa kona lilikokuwa benchi. Siku ya kumi na nne ikafika, fundi hakurudi. Jicho lilihitaji wiki moja zaidi.

"Wewe," Bibi Chokaa akamwambia jogoo, "unataka kunifia mikononi?"

Akamtazama macho, pua, kinyesi. Alikuwa mzima. Akatazama uchochoroni huku na huku kama mwizi, akamchukua kwapani, akamwingiza bandani kwa mitetea sitini na wawili. Kisigino alisimama kidogo akishangaa bahati yake. Halafu akawika. Bibi Chokaa alisikia raha ya ajabu, akarudi ndani, na hakumwambia mtu. Wiki ilipokwisha alimrudisha tengani kimyakimya, na fundi aliporudi na kitambaa jichoni alimkuta jogoo wake amenenepa.

Wiki sita zikapita tangu siku ile ya bandani. Asubuhi moja, mama wa saluni akaja mbio na boksi la mafuta ya nywele mikononi, hata hakupiga hodi.

"Bibi Chokaa! Toka wewe, mimi leo siingii karaini! Hawa watoto ulionipa umewanyonya damu?"

Alikuwa amechukua vifaranga thelathini siku kumi na tano zilizopita. Ndani ya boksi walikuwamo ishirini na mmoja, wamejikusanya kona moja kama wenye baridi, mabawa yameshuka. Bibi Chokaa alimwinua mmoja. Kile kijipanga kidogo cha kichwani, ambacho umri ule huanza kuona haya na kuwa chekundu, kilikuwa cheupe kama kucha. Miguu ilikuwa na rangi ya mshumaa. Akalifunua bawa: chini yake doa la zambarau, kama pahali palipopigwa. Kifaranga hakupinga kushikwa. Ni hilo lililomtisha zaidi. Kifaranga mzima hukupigia kelele.

"Labda ulikuwa baridi," alisema, na sauti yake mwenyewe hakuiamini.

"Baridi gani, dada? Wamelala chini ya kikaushio cha nywele kama maharusi!"

Hakusema kwamba na yeye chumbani kwake alikuwa amebakiza kumi na watano wa awamu ile ile, na kwamba tangu jana aliwaona wamepauka, akajiambia ni balbu. Alibadilisha balbu. Wakaendelea kupauka.

Daktari wa mifugo alikuja siku ya pili, msichana mpole, mjamzito wa miezi saba. Alifika kwenye ubao wa viatu akasimama, kwa sababu miguu yake hakuwa akiiona. Bibi Chokaa akapiga magoti, akamfungua kamba za viatu moja moja, akamvalisha ndara.

"Samahani, mama."

"Samahani ya nini, mwanangu? Mimi ndiye niliyeweka sheria."

Shemeji naye alikuwapo, amesimama ukutani na bisibisi sikioni. Daktari alipasua kifaranga mmoja aliyekufa usiku. Damu ilitoka nyepesi, kama maji ya kitambaa chekundu kilichochuja rangi. Kisha akavunja mfupa wa paja, mwembamba kama kijiti cha kiberiti, akawaonyesha ndani.

"Mnaona? Huu ni uboho. Damu inatengenezwa humu. Ulitakiwa uwe mwekundu."

Ulikuwa wa manjano, kama mafuta yaliyoganda.

"Kuna kirusi," daktari akasema, "kinaingia hapa hapa kiwandani na kuzima mashine. Kifaranga anaishiwa damu huku hajajeruhiwa popote. Mara nyingi anakuwa amezaliwa nacho, kimepita ndani ya yai." Akanyoosha mgongo. "Mama, kuna kuku mgeni aliyeingia kwa hawa wazazi? Miezi miwili hii, mmoja hata?"

Bibi Chokaa alitazama ndara zake. Shemeji alitoa bisibisi sikioni akacheka. "Mgeni? Hapa? Daktari, mimi mwenye uwanja nahesabu ishirini kama mtoto wa chekechea."

"Hakuna," alisema Bibi Chokaa.

Daktari aliandika. Akatoa damu kwenye bawa la mitetea kumi na wawili, kila mmoja na sindano yake mpya, akaiweka kwenye kisanduku cha barafu ipelekwe maabara. Akasema mayai yaliyo mashineni yasitotoleshwe, kwa sababu yametagwa siku zile zile za hatari. Yalikuwa tisini, siku ya kumi na mbili.

Alipoondoka, shemeji alisema jambo lake polepole, kwa sababu hakupenda kulisema. "Shemeji, tuwachinje hawa wazazi. Wote. Tusafishe, tuanze upya. Nikimwita mchinjaji Jumamosi ijayo atakuja."

"Sitini na wawili?"

"Na majogoo. Watu wakisikia kuku wa hapa wanatoa watoto wasio na damu, nani atatukanyagia hiyo chokaa?"

Mchana Bibi Chokaa alifunga pazia na kuwasha tochi. Hakukuwa na haja. Yai linalokwenda kutupwa halihitaji kumulikwa. Aliyamulika yote tisini. Mishipa ilikuwa mizuri. Safari hii hakusema karibu. Alichomoa waya ukutani, feni ikazunguka ikachoka, balbu zikafa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa jokofu lile likaanza kupoa, kama limekumbuka kazi yake ya zamani. Kesho yake aliyafukia nyuma ya banda, shimo refu, na chokaa juu. Mkono ulikuwa unamwaga chokaa, moyo ukimwambia: wewe ndiye uliyefungua mlango.

Neno "hakuna" likamkaa kooni siku mbili. Ya tatu akalipeleka karakana kwa shemeji, ambaye alikuwa amejikunja ndani ya jokofu la mtu, miguu nje.

"Shemeji, nilidanganya."

"Nani?" sauti ikatoka ndani.

"Mimi. Mgeni alikuwapo. Kisigino. Nilimwingiza bandani wiki moja, alikuwa anakufa kwa upweke."

Shemeji akatoka kinyumenyume, nywele zimejaa vumbi la jokofu. Akamtazama muda mrefu.

"Mimi," akasema, "ndugu wa marehemu mumeo. Miaka kumi na tisa unanikanyagisha dawa. Mpaka harusi ya binti yangu nilinuka dawa. Halafu jogoo la fundi viatu linapita bila hata kuhesabu mpaka tano?"

"Nilimwosha miguu."

"Alimwosha miguu!" Shemeji aliwaambia majokofu yote ya karakana. Akataka kukasirika, akashindwa, akakaa chini. "Shemeji, kwa nini hukusema mbele ya daktari?"

"Kwa sababu ningekuwa nimewaua mimi."

Shemeji alijifuta mikono kwenye suruali. Hakusema si wewe. Hakuwa mtu wa kusema asichokijua. Alisema tu, "Nenda kamwambie daktari. Na mchinjaji ni Jumamosi, sijabadilisha."

Fundi viatu alisikia kabla ya jua kugeuka, maana uchochoro ule hauna siri. Alikuja na Kisigino mikononi, amefungwa miguu, na kisu cha kukatia ngozi. Alisimama mbali na chokaa, jicho moja bado lina kitambaa.

"Jirani, nimekuletea ugonjwa nyumbani. Nimekuja kumchinja mbele yako."

"Na hilo jicho moja, utakata jogoo au kidole? Mfungue."

"Lakini..."

"Mfungue, jirani. Yeye alikuja kukaa tu. Aliyeamua ni mimi."

Fundi alimfungua. Kisigino akajikung'uta, akazunguka nyuma ya Bibi Chokaa akamdonoa kisigino, na wote wawili wakacheka kicheko kile cha watu ambao wangeweza pia kulia.

Alhamisi majibu yakafika, na daktari akaja nayo mwenyewe. Bibi Chokaa alimvua viatu, na akiwa bado chini, kabla hajaambiwa lolote, akasema yote ya Kisigino. Ilikuwa rahisi kidogo kuyasema huku anatazama vidole vya miguu vilivyovimba.

"Nilijua kuna mgeni," daktari akasema. "Ila sikujua ana jina zuri hivyo. Inuka, mama. Huyo jogoo si adui wako. Hiki kirusi kiko karibu kila mahali penye kuku. Kinakaa kwenye vumbi, kwenye kiatu, na dawa nyingi kinazicheka. Hata chokaa. Leo au mwakani kingeingia tu."

"Mbona zamani hakikunifanyia hivi? Nilikuwa na kuku wa kuokota, wachafu, wenye mafua!"

"Ndiyo hapo." Daktari alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, mkono juu ya tumbo. "Wale wa zamani walikuwa wameshakutana nacho barabarani, wakiwa wamekua kidogo. Kuku aliyekua kikimwingia mara nyingi hasikii hata kichwa kumuuma. Mwili wake unatengeneza kinga, na akianza kutaga, ile kinga anaiweka ndani ya kiini cha yai. Mtoto anatoka na akiba ya mama, inamlinda wiki zile za mwanzo ambazo damu yake ni changa. Sasa hawa wako walikuwa safi mno. Walifika umri wa kutaga hawajawahi kukutana nacho hata siku moja. Kilipowakuta, wakawapa watoto kirusi bila kinga."

Bibi Chokaa alipozungumza, sauti ilitoka ndogo kuliko mwili wake.

"Kwa hiyo nimewaua kwa usafi."

"Sikusema hivyo."

"Mimi nilimzika mtoto kwa sababu ya uchafu, daktari. Wa kwanza. Maji ya bomba lile. Sasa unaniambia na usafi pia unaua. Mama afanye nini? Niambie wewe, na wewe unakwenda kuwa mama, afanye nini?"

Shemeji, aliyekuwa mlangoni, aligeukia uani akawa anakagua ukuta ambao hauna tatizo.

Daktari hakuharakisha. Alikunja mkono wa blauzi, akaonyesha kidoa kidogo begani, karibu kimekwisha kufifia. "Juzi nimechomwa sindano ya pepopunda. Unafikiri ni yangu peke yangu? Ni ya huyu. Mwili wangu unajifunza, halafu unampa. Na bado akizaliwa nitanawa mikono kabla ya kumshika, nitamchemshia maji. Vyote viwili, mama. Karai lako usilitoe. Limewazuilia kuku wako magonjwa mabaya kuliko hili, mengine hata hutajua yalipita hapo nje yakarudi. Lakini mitetea, kabla hawajaanza kutaga, wanatakiwa wakutanishwe na hiki kirusi kwa njia ya chanjo, kwenye maji ya kunywa. Hukuambiwa. Hilo ni kosa letu sisi tulioenda shule, si lako."

Bibi Chokaa alivuta kona ya kanga akajifuta uso. "Na hawa sitini na wawili?"

"Hapo ndipo nilipotaka kufika." Daktari akakunjua karatasi. "Kati ya kumi na wawili niliowapima, tisa wameshapata kinga. Wengine wako njiani. Subirini wiki tatu, mayai yaleni nyumbani, msiweke hata moja mashineni. Baada ya hapo yawekeni. Mnaweza kuwa na wazazi wazuri kuliko mwanzo. Mkiwachinja Jumamosi, mnachinja kuku ambao ndio kwanza wamemaliza somo."

Wote wakamtazama shemeji. Shemeji alikuna kichwa kwa bisibisi.

"Trei moja," akasema mwishowe. "Wakifikisha wiki tatu za umri nitakuja kuwaona mwenyewe. Wakiwa weupe kama wale, shemeji, usinililie."

"Sitakulilia."

"Na mchinjaji namwambia nini?"

"Mwambie aende akanoe," alisema mama wa saluni kutoka uchochoroni, ambaye kumbe alikuwa amesikiliza yote.

Basi wakasubiri. Wiki tatu za kula mayai: ya kukaanga, ya kuchemsha, mama wa saluni akawa anayapaka wateja wake kwenye nywele. Kisha trei moja ikaingia mashineni, mayai thelathini na sita, duara huku, msalaba huku. Siku ya saba, pazia, tochi. Nukta zilidunda. Bibi Chokaa alifungua mdomo, akaufunga, akaogopa kukaribisha watu ambao huenda hawatakaa.

Wakatoka thelathini na watatu. Hapo ndipo hesabu ngumu ilipoanza, kwa maana vifaranga wale wa kwanza nao walizaliwa wazuri. Walipauka wiki ya pili. Kwa hiyo kila asubuhi alimchukua kila mmoja, akampulizia manyoya ya kifua aione ngozi, akafunua bawa, akatazama miguu. Siku ya kumi. Siku ya kumi na mbili. Siku ya kumi na nne alimwona mmoja miguu imepauka, akamkimbiza dirishani: alikuwa amekanyaga chokaa. Alimfuta kwa pindo la kanga, akacheka peke yake, akamfuta tena.

Katika siku hizo fundi viatu, jicho sasa liko wazi, alileta kifurushi. Ndani mlikuwa na pea tatu za ndara za mpira mpya, kubwa, ya kati na ndogo, alizozikata mwenyewe.

"Miaka yote natembea na hizo ndara zako kama bata," akasema. "Nikaona kama siwezi kuondoa karai, angalau niingie na viatu vinavyonitosha."

"Pea hii ndogo ya nani?"

"Ya daktari. Nilipima kiatu chake siku ile kikiwa ubaoni." Kisha akaongeza, akitazama pembeni, "Na ya kati ni yako. Hiyo sikupima. Nilikuwa naijua."

Bibi Chokaa alizipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumletea kitu kizingitini naye asikipulizie dawa.

Siku ya ishirini na moja, asubuhi baada ya chai, shemeji akaja. Aliweka viatu ubaoni, soli juu. Akavaa ndara za pea kubwa, akashangaa jinsi zilivyomkaa. Akaingia karaini, akaanza kuhesabu kwa sauti kama kawaida yake, "Moja, mbili," lakini macho yalikuwa mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani zilisikika kelele, kelele kubwa, za viumbe thelathini na watatu wanaogombea sahani moja. Shemeji alifika kumi na tatu akasahau kinachofuata.

Mlango ukafunguliwa. Bibi Chokaa alisimama juu ya chokaa yake, kifaranga mkononi. Kilikuwa kinapiga mayowe, kinampiga mateke, kinamdonoa pete.

"Habari za watoto, shemeji?" akauliza yule wa karaini.

Tangu banda jipya lijengwe, jibu la swali kama hilo lilikuwa moja, "Safi," na shemeji alikuwa akilisubiri. Bibi Chokaa alikipuliza kifaranga kifuani, manyoya yakafunguka, ngozi ikaonekana ya waridi kama shavu la mtoto aliyetoka kuoga. Na pale kichwani kijipanga kimesimama, kidogo, kikali, kama ncha ya kiberiti.

"Wekundu," akasema.

Shemeji alitoka karaini kabla ya ishirini. Bibi Chokaa alimwona, na hakumrudisha. Alimwekea kifaranga kiganjani, akarudi ndani alikobakiza thelathini na wawili, akamchukua aliyekuwa karibu, akamfunua bawa, akamwambia taratibu, kwa kuchelewa kwa siku ishirini na moja, "Karibu." Halafu akamchukua anayefuata.